Tachipedi ya gari inazingua? Pitia hapa kabla hujanunua nyingine (Mercedes W205, Lexus NX na wenzao)

Wakuu, hizi Mercedes C-Class W205, GLC na Lexus NX zimejaa mjini sasa hivi, nyingi zimeshuka bandarini zikiwa zimeshatumika Japani miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni lile lile: "fundi, tachipedi imekufa, nyingine bei gani?" Tachipedi ni ile pedi ya kugusa kwenye konsoli, kati ya siti za mbele, unayotumia kuongoza skrini ya redio. Mi huwa sitaji bei kwanza. Nauliza inafanyaje. Maana kati ya zote nilizowahi kuletewa, zilizokufa kweli kweli ni chache sana, zilizobaki unakuta betri imechoka, au uchafu, au redio imeganda tu, na mtu kashatoa hela ya spea, inafungwa, tatizo liko pale pale. Inaniuma sana hiyo kwa sababu vitu vingi hapa mwenye gari anaweza kuvicheki mwenyewe akiwa amekaa kwenye siti.

Uelewe kwanza inavyofanya kazi, itakusaidia huko mbele. Ile pedi haisikii uzito wa kidole, inasikia umeme. Chini ya ule uso laini kuna wavu mwembamba sana unaopima chaji, kidole kikisogea chaji inabadilika, kompyuta ndogo iliyoko hapo chini inajua kidole kiko wapi, inatuma habari kwenye redio kupitia waya. Kubonyeza ni kitu kingine kabisa, hapo kuna swichi, ndo ule mlio wa "tk" unaousikia. Kwa hiyo pedi inaweza isisikie kidole lakini ikabonyezeka, au kinyume chake, na hizo ni mbovu mbili tofauti, zisichanganywe.

Na kama una W205 au GLC ya kabla ya kuboreshwa mwaka 2019 una bahati nyingine, kuna lile gurudumu la kuzungusha chini ya pedi. Lizungushe. Likifanya kazi wakati pedi imelala, ubovu uko kwenye pedi yenyewe au utepe wake (ule waya bapa mwembamba unaoiunganisha). Vikiwa vimelala vyote viwili, achana na pedi, tafuta kwenye umeme, waya au redio. Sekunde 5 tu hizo na umeshapunguza nusu ya kazi.

UMEMWAGA KITU SASA HIVI

Naanza na hii kwa sababu ndiyo pekee yenye haraka, zingine zote zinaweza kusubiri kesho.

Simamisha gari pembeni, zima kabisa, usiendelee kubonyeza bonyeza kuona kama bado inafanya kazi. Umeme ukikutana na maji ndo unaokula bodi, maji peke yake bila umeme hayana madhara makubwa ukiwahi. Kausha kwa kugandamiza kitambaa, sio kusugua, maana ukisugua unasukuma maji yaingie kwenye ile mipenyo ya pembeni. Kama ilikuwa maji safi na kidogo, acha gari ipumzike saa 24 kivulini milango wazi, afu jaribu. Mambo ya kuweka mchele achana nayo, mchele hauwezi kuvuta maji yaliyo chini ya plastiki, na drayeri ya nywele ya moto mkali inakunja plastiki na kulegeza gundi.

Soda, juisi na chai ya maziwa ni habari nyingine, hapo usisubiri ikauke, ifunguliwe isafishwe hata kama inaonekana iko sawa. Niliwahi kuletewa NX ambayo jamaa alimwagikiwa chai barabarani, akafuta juu, ikafanya kazi wiki mbili vizuri kabisa afu ikaanza kugoma kubonyezeka. Tulipoibandua ile plastiki ya juu nilikuta sukari imekauka kama gundi ya kahawia kuzunguka swichi, na sisimizi wanatembea juu ya utepe. Upande mmoja wa soketi ulikuwa umeshaota ile kutu ya kijani. Tuliisafisha na ikapona, lakini ingeletwa siku ile ile ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kama maji yameingia mengi mpaka yakashuka chini ya konsoli, usiwashe gari, ita fundi umeme. Kwenye gari nyingi kompyuta ya eabegi inakaa kwenye handaki la katikati huko huko chini, sio mahali pa kubahatisha.

IMEKUFA KABISA, HAISIKII KIDOLE WALA KUBONYEZA

Sababu kuanzia inayotokea sana:

1. Redio imeganda. Hii ndiyo namba moja na ndiyo rahisi. Shikilia kitufe cha kuwashia redio sekunde 10 mpaka 30 mpaka skrini izime na nembo irudi. Ikikataa, zima gari, funga milango yote, loki, peleka funguo mbali na gari (sio mfukoni ukiwa umeegemea mlango) uache nusu saa mpaka saa nzima ili kompyuta zote zilale, afu rudi. Ikirudi kuwa freshi na isijirudie, umemaliza, kanywe chai. Ikijirudia kila siku mbili tatu, nenda namba 2.

2. Betri. Hizi gari zikiona umeme mdogo zinaanza kuzima vitu vya starehe ili zibakize nguvu ya kuwasha injini, kwa hiyo gari inawaka vizuri tu na we unaona betri iko sawa, kumbe sio. Pima kwa mita gari ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, chini ya 12 ina shida. Injini ikiwa inaunguruma tegemea kati ya 13.5 na 14.8 hivi, ingawa gari za siku hizi zina chaji ya akili, zinaweza kushuka kidogo kwa muda, usishtuke. Nilishakuta C200 imeshabadilishwa pedi mara moja na mwenyewe anataka abadilishe tena, napima betri 11.8. Tukaweka betri nyingine ya aina inayotakiwa, ile pedi ya kwanza iliyokuwa imetupwa kwenye buti ikarudishwa na inafanya kazi mpaka leo.

3. Fyuzi. Angalia mchoro wa fyuzi wa gari yako, usifuate wa gari ya rafiki yako hata kama ni modeli moja, mwaka ukitofautiana zinahama. Ikiwa imeungua weka ya ampea ile ile. Ikiungua tena mara ya pili, ACHA. Kuna shoti mahali. Usiweke kubwa zaidi na usifunge foili ya sigara, hivyo ndivyo waya zinavyoungua ndani ya konsoli na gari inakwenda nayo.

4. Soketi imelegea chini ya pedi, hasa kama kuna mtu alishafungua konsoli karibuni, kufunga trakingi, kubadilisha redio, kufunga kamera. Muulize fundi aliyefanya kazi ya mwisho kabla hujamlaumu mtu mwingine.

5. Pedi yenyewe imekufa. Ndiyo, ya mwisho.

MSHALE UNARUKA WENYEWE, MENYU ZINAJICHAGUA

Hii ndo inayotisha watu. Kuna mama mmoja aliniletea GLC, nimemwamkia shikamoo ananijibu marahaba na papo hapo, "mwanangu hii gari ina mashetani, redio inajibadilishia stesheni yenyewe." Nikakaa kwenye siti kuangalia, kweli, kile kiboksi cha kuchagulia kinapanda na kushuka na hakuna mkono wa mtu. Nikaangalia soketi ya sigara, kuna kichaji cha simu kile cha bei rahisi chenye taa ya bluu. Nikakichomoa. Kiboksi kikasimama pale pale kilipo. Nikakirudisha, kikaanza tena. Mama akakichukua mwenyewe akakitupa nje ya dirisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchomoa kila kitu: vichaji, inveta, dashikamu, ile simu inayochajiwa bila waya karibu na pedi. Vichaji vibovu vinamwaga kelele ya umeme kwenye waya, na pedi inayopima chaji ndogo kiasi kile inaona kelele hiyo kama vidole.

Ikiendelea, sababu ya pili ni uso wa pedi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Vijana wa kuosha magari wana tabia ya kupuliza polishi ya dashibodi kila mahali ndani mpaka king'ae, pedi nayo inapata, inabaki na utando wa mafuta na nyingine inazama pembeni. Siku hizi mi nikipeleka gari kuoshwa naweka kitambaa kikavu juu ya pedi na kuwaambia pale wasiguse. Losheni ya mikono na sanitaiza zinafanya hivyo hivyo, na sanitaiza ikizidi inababua ule uso. Kusafisha: kitambaa laini cha maikrofaiba, lowanisha KITAMBAA kidogo kwa maji safi, sio pedi, futa, kausha kwa kingine. Mafuta yakigoma, tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa. Usipulize kitu chochote moja kwa moja.

Tatu, bandua hizo stika na kava za kulinda pedi. Zinanasa unyevu chini yake, pembe ikiinuka tu pedi inachanganyikiwa.

Nne, unyevu unaotoka ndani. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar hii sio ya kupuuza. Gusa kapeti ya mbele chini ya konsoli pande zote mbili, likiwa na majimaji basi mpira wa kutolea maji ya AC umeziba na maji yanarudi ndani badala ya kudondokea chini ya gari. Zibua mpira kwanza, kausha kapeti, pedi inaweza kupona yenyewe bila kuguswa.

Ukipita zote hizo na bado inacheza, ule wavu wa ndani umepata ufa au bodi imeliwa na chumvi, hapo ni kubadilisha. Na kama inacheza sana wakati unaendesha mpaka inakuondoa macho barabarani, zima skrini kabisa na uendeshe hivyo hivyo mpaka utengeneze.

INASIKIA KIDOLE LAKINI HAIBONYEZEKI, AU INABONYEZEKA INANATA

Hapa umeme hauna kosa, ni mambo ya uchafu na mitambo. Kwanza vumbi na makombo kwenye ule mwanya wa pembeni. Mswaki laini mkavu, pitisha taratibu kuzunguka huku unabonyeza bonyeza, afu hewa ya kopo kwa mbali. Kompresa ya gereji hapana, presha yake inasukuma mchanga ndani zaidi na inaweza kutoa utepe mahali pake.

Pili sukari, nimeshaieleza. Hiyo haitoki bila kufungua.

Tatu, swichi imechoka. Dalili yake inabonyezeka kona moja na nyingine hapana, au lazima ugandamize kwa nguvu, na ule mlio wa "tk" umepotea. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha kiswichi chenyewe kwenye bodi, huna haja ya pedi nzima. Usikubali jibu la "hii haitengenezeki" kabla haijafunguliwa ikaonekana.

Ule mtetemo unaousikia kidoleni ukitumia pedi ukipotea lakini vingine vyote vinafanya kazi, anzia kwenye settingi, kuna mtu alishauzima.

NZITO, INACHELEWA, AU INARUKA MBALI KULIKO ULIVYOTAKA

Nyingi hapa sio ubovu, ni settingi. Lexus ina sehemu ya kuongeza na kupunguza wepesi wa mshale na nguvu ya pedi inavyovuta kidole kwenye alama za skrini. Shida ni kwamba gari ya Japani menyu zake ni za Kijapani. Tafuta palipoandikwa 設定, hiyo ndo settingi, humo ndani kwenye Lexus utafute リモートタッチ na kwenye Mercedes タッチパッド. Kamera ya simu yenye kutafsiri inasaidia sana hapa, mulika skrini na usome. Badilisha kitu kimoja kimoja, ujaribu siku mbili.

Na kuandika herufi kwa kidole, kama gari inakurudishia herufi za Kijapani, ni lugha ya mfumo wala pedi haina kosa.

Kwa Lexus niseme ukweli, hata ikiwa nzima kabisa wengi inawashinda kuizoea. Wenyewe walipotoa NX mpya mwaka 2021 waliiondoa pedi wakaweka skrini ya kugusa, Mercedes nao C-Class ya 2021 haina tena. Kwa hiyo ukiona inakupa tabu siku za mwanzo, usikimbilie gereji, ipe muda kidogo.

Kama skrini nzima inachelewa, hata vitufe vya usukani vinachelewa, basi redio ndo nzito, pedi haihusiki.

INAKATA NA KURUDI

Ikikata kwenye matuta na mashimo ni soketi au waya. Ikikata mchana gari iliyokaa juani halafu jioni inarudi, ni lehemu iliyopasuka kwenye bodi au utepe uliolegea, joto linatanua vitu mguso unaachia. Kabla ya kufungua andika siku tatu inakata saa ngapi na ukiwa unafanya nini, AC imewashwa au la, barabara gani. Fundi akipata karatasi hiyo anaenda moja kwa moja, bila hiyo atakaa na gari yako siku nzima na siku hiyo haitakata hata mara moja.

UKIAMUA KUFUNGUA

Zima gari, fungua dirisha la dereva, toa funguo, toa waya wa hasi wa betri kwanza, subiri dakika 10. Sio mapambo, ni kwa ajili ya eabegi. Kwenye W205 kazi ni nyepesi kidogo kwa sababu gia iko kwenye usukani, konsoli haina liva ya kukuzuia. Kwenye Lexus liva ipo, kwa hiyo vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi, uiweke N kabla hujatoa betri ili upate nafasi.

Tumia vibanduzi vya plastiki, bisibisi ya chuma itaacha alama kwenye plastiki nyeusi ya kung'aa na hutaisahau maisha. Klipu zinatoka kwa mlio, ikigoma usilazimishe, kuna skrubu umeisahau. Piga picha kila hatua. Utepe una kikufuli kidogo cha plastiki, unakiinua kwa kucha kwanza ndo utepe unatoka, ukiuvuta kwa nguvu umeua pedi iliyokuwa nzima. Safisha miguso kwa aisopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki laini, iache ikauke kabisa, rudisha. Mara nyingi kuchomoa na kuchomeka upya tu ndo dawa yenyewe.

Ukirudisha betri vioo vinaweza visipande vyenyewe, pandisha mpaka juu ushikilie kitufe kidogo vitajifunza. Taa ya usukani au ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) ikiwaka, zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, tembea kidogo, inazima.

Acha hapo hapo na uite mtaalamu ukiona: soketi ya njano (hiyo ni eabegi, usiguse wala usiipime kwa mita), waya wa rangi ya chungwa kwenye haibridi, harufu ya kuungua, fyuzi iliyoungua mara mbili, taa ya eabegi imewaka, au vitu vingine visivyohusiana vimeanza kugoma pamoja na pedi. Hilo la mwisho maana yake mtandao wa gari wote una shida.

Ukienda kupimiwa, kile kidude kidogo cha bluetuthi cha kusoma injini hakitoshi, mara nyingi hakiingii mpaka huko. Iwe mashine ya XENTRY kwa Mercedes, Techstream kwa Lexus, au Autel na Launch kubwa. Uliza kodi (ile namba ya hitilafu inayotolewa na mashine) inaanza na herufi gani: ikianza na U ni mawasiliano yamekatika, waya na umeme vikaguliwe kwanza, B ni vifaa vya bodi ya gari, yaani vitu vya ndani ya kabini, pedi ikiwemo. Fundi akikwambia nunua pedi huku kodi zote ni U, mwambie apime umeme kwenye soketi mbele yako.

UKILAZIMIKA KUNUNUA

Pedi ya mtumba iliyotoka kwenye gari ya Japani inafaa kabisa. Toa ya kwako kwanza, isome namba ya stika nyuma, nenda nayo mkononi kwenye maduka ya spea, Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), namba zilingane mpaka tarakimu ya mwisho, maana kwa macho zinafanana na kumbe moja ni ya usukani wa kushoto au ya mwaka mwingine. Inuse, kweli inuse, pedi iliyowahi kulowa ina harufu ya ukungu, na angalia meno ya soketi kama yana kijani. Kubalianeni na muuzaji siku za kuirudisha, iandikwe kwenye risiti. Baadhi zinataka kusomeshwa kwa mashine (gari itambulishwe pedi mpya) zikishafungwa, kwa hiyo muulize fundi kabla kama ana mashine hiyo. Na ikichomekwa, plastiki zisirudishwe kwanza, washa gari, pitisha kidole kona zote nne, bonyeza kila kona, zungusha gurudumu, kaa nayo dakika 20 AC ikiwa imewashwa, ndo klipu zifungwe na hela itoke.